Walimu wa Mabweni ya Ng'ambo: Wana Funzo Gani Kwetu?

Ipo kazi moja ya ualimu ambayo wengi wetu hapa Pwani hatuifikirii, ingawa tumepakana nayo kwa zaidi ya miaka mia. Ni kazi ya mwalimu Mkristo aachaye mji wao, uwe Marekani, Uingereza au Korea ya Kusini, akavuka bahari kwenda kusomesha katika shule ya bweni ya dini yake iliyo katika nchi ya watu wengine. Aghalabu haendi kuwasomesha wenyeji wa nchi hiyo. Huenda kuwasomesha watoto wa wamisionari wenzake, ambao wazazi wao wametawanyika mijini na mashambani kwa kazi za kanisa. Na lililo ajabu zaidi ni kuwa wengi wa walimu hawa hawalipwi mshahara na shule wanayoifanyia kazi. Hulipwa na majirani waliowaacha kwao.

Najua msomaji ataniuliza, "Mzee, haya ya Wakristo na watoto wao yatuhusu nini sisi watu wa chuoni na msikitini?" Nami najibu kuwa yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni ujira wa mwalimu, maana sisi pia tuna walimu wetu wa dini, na hali zao tunazijua. La pili ni usalama wa mwalimu aliye mgeni wa dini katikati ya watu wa dini nyingine. Jambo hili la pili limekwisha kumwaga damu Pakistan, na limemwaga damu hapa kwetu Kenya. Basi tulitazame kwa utulivu, bila ya kusifu kupita kiasi wala kubeza.

CHANZO CHA SHULE HIZI

Wamisionari wa zamani walipokwenda Uhindi, Uchina au Afrika walikuwa na shida moja kubwa, nayo ni watoto. Hali ya hewa iliwaua wengi wakiwa wachanga. Waliosalimika, walipofika umri wa kusoma, walipakiwa melini kurudishwa Uingereza. Huko London ziliundwa shule mahsusi za kuwapokea: ya mabinti mwaka 1838, iliyojulikana baadaye kwa jina la Walthamstow Hall, na ya wavulana mwaka 1842, ambayo leo ndiyo Eltham College. Mtoto wa miaka sita au saba aliagana na mama yake bandarini, na huenda asimwone tena mpaka awe kijana mwenye ndevu.

Ndipo likaja wazo la kuijenga shule karibu na wazazi. Huko Uhindi, katika milima ya Himalaya, shule ya Woodstock ilianzishwa mwaka 1854. Uchina, chama cha China Inland Mission cha Hudson Taylor kilifungua shule yake mwaka 1881 katika bandari ya Chefoo, ambayo leo huitwa Yantai. Na hapa kwetu Kenya, Africa Inland Mission ilianzisha Rift Valley Academy mwaka 1906, ambayo iko Kijabe, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Jiwe la msingi la jumba lake kubwa liliwekwa mwaka 1909 na Theodore Roosevelt, ambaye mwaka huo huo alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani akaja kuwinda nchini humu.

Tafadhali msomaji aitie maanani miaka hii. Mwaka 1906 Mwafrika wa Kijabe hakuwa na shule ya kufanana na ile iliyojengwa juu ya kichwa chake. Shule ile ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wageni, na serikali ya kikoloni nayo ilizigawa shule kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Hatuwezi kuisema habari ya shule hizi tukaiacha nusu hiyo. Watu waliokuja kuhubiri kuwa wanadamu wote ni ndugu, walikaa miaka mingi wakiwatenga wanao na watoto wa hao ndugu.

Lakini pia tukiri kuwa hofu ya wazee wetu haikuwa juu ya shule za namna hii. Wazee wetu wa Pwani, tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo chake cha Rabai mwaka 1846, mpaka kijiji cha watumwa walioachwa huru kilipojengwa Freretown mwaka 1875, waliogopa shule ya misheni iliyomtaka mtoto wao. Walihofu mtoto ataingia akiitwa Ali na kutoka akiitwa Alfred. Shule hizi za bweni ninazozieleza zilikuwa na kazi nyingine. Zilikuwa za watu kuwalinda watoto wao wenyewe wasipoteze lugha, dini na nafasi ya kwenda chuo kikuu kwao. Hofu ile ile ya wazee wetu, na wao walikuwa nayo.

MSHAHARA WA AHADI

Hudson Taylor alipoanzisha chama chake mwaka 1865, aliweka kanuni kuwa hakuna mtu atakayeahidiwa mshahara. Kitakachopatikana kitagawanywa, na kisipopatikana watavumilia. Kanuni ile imebadilika sana tangu wakati huo, lakini mzizi wake ungali hai.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa barazani na mwalimu mmoja wa hesabu, Mmarekani, aliyekuwa ameteremka Pwani kwa mapumziko kutoka katika shule moja ya aina hii. Nilimwuliza analipwa kiasi gani. Akacheka, akaniambia, "Shule hainilipi. Nalipwa na watu wa kwetu." Akanieleza kuwa kabla ya kuondoka kwao alikaa zaidi ya mwaka mzima akizunguka makanisani na majumbani mwa jamaa na rafiki zake, akiwaeleza anakokwenda na kwa nini. Kila aliyekubali aliandika ahadi ya kutoa kiasi fulani kila mwezi. Mmoja alitoa kingi, mjane mmoja alitoa kidogo sana, na ahadi zote zikajumlishwa. Chama kilichompeleka kilikuwa kimemwekea kiwango, na mpaka ahadi zifike kiwango hicho hakuruhusiwa kukata tikiti ya ndege.

Nikamwuliza, "Na wakichoka kutoa?" Akasema, "Nitarudi nyumbani." Kwa hiyo huwaandikia barua mara kwa mara, akiwapa habari za wanafunzi, za mvua, za homa na za mitihani. Kila baada ya miaka michache hurudi kwao, akapita tena mlango kwa mlango kutoa hesabu ya alichokifanya.

Utaratibu huu una faida zake. Ada ya shule hupungua kwa kuwa shule haibebi mzigo wa mishahara, na mmisionari maskini anaweza kumsomesha mwanawe. Fauka ya hayo, mtu atoaye shilingi yake kila mwezi humfuatilia yule anayemtolea. Humjua kwa jina, humwombea, humwuliza hali. Mwalimu hawi mtu wa kuajiriwa na kusahauliwa.

Hata hivyo una ubaya wake pia, na mwalimu yule hakunificha. Mtu mwenye ulimi mwepesi na jamaa wenye uwezo hupata ahadi upesi, na huyo si lazima awe ndiye mwalimu bora. Mwalimu bora mwenye haya, au aliyetoka katika kanisa la watu maskini, anaweza kukwama kwao miaka. Ndiyo maana mara nyingi shule hizi huwa na upungufu wa walimu, si kwa kuwa hakuna wataalamu, bali kwa kuwa wataalamu hawajakamilisha ahadi zao. Tena shule nyingi za namna hii humtaka mwalimu atie saini hati ya imani kabla ya kuajiriwa. Basi mwalimu wa fizikia hutafutwa katika duara dogo: awe anajua fizikia, awe wa itikadi ile, awe na watu wa kumlipia, na awe tayari kukaa mbali na wazazi wake wanaozeeka.

Na kazi yenyewe haimaliziki kengele ikilia. Katika shule ya bweni mwalimu ndiye mkufunzi wa mpira jioni na msimamizi wa masomo usiku. Mabwenini huwekwa mume na mke wa kuwa badala ya baba na mama, nao huamka usiku mtoto akiumwa, husikiliza kilio cha yule aliyekumbuka kwao, na hutenganisha ugomvi. Mtu asidhani kazi hii ni mapumziko ya mlimani.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Lakini kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari ya ahadi, nayo hulipwa na watoto.

Tumchukue Eric Liddell, ambaye jina lake wapenzi wa michezo wanalijua. Alizaliwa Tientsin, Uchina, mwaka 1902, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kiskoti. Alisomeshwa katika ile shule ya London ya watoto wa wamisionari, wazazi wakiwa Uchina. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa kuwa mchujo wake uliangukia Jumapili, akakimbia mita 400 na kushinda dhahabu. Mwislamu anayeijua thamani ya kuacha kazi kwa ajili ya sala ya Ijumaa hatakosa kumwelewa mtu huyu. Mwaka 1925 aliuacha umaarufu wote akaenda Tientsin kuwa mwalimu wa shule.

Vita vilipokaribia, mwaka 1941 alimpeleka mkewe mwenye mimba na mabinti wao wawili Kanada, yeye akabaki. Wajapani walimfunga katika kambi ya Weihsien. Watoto na walimu wa shule ya Chefoo nao walifungwa, wakahamishiwa kambi hiyo hiyo mwaka 1943. Humo, watu wapatao 1,500 wakisongamana katika kiwanja kimoja, walimu wa Chefoo waliendelea kusomesha, na wanafunzi wakubwa wakafanya mitihani yao. Liddell alisomesha sayansi na kusimamia michezo ya watoto. Alikufa kambini kwa uvimbe wa ubongo mwezi Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 43. Binti yake wa tatu, aliyezaliwa Kanada, hakumtia machoni kamwe. Kambi ilifunguliwa tarehe 17 Agosti 1945, na miongoni mwa watoto wa Chefoo wapo waliokuwa hawajawaona wazazi wao kwa zaidi ya miaka mitano.

Hapa ndipo pa kutia akilini. Mwalimu aliyekuwa baba wa watoto mia kambini, wanawe mwenyewe walikua bila baba. Mimi simhukumu, maana vita si matakwa yake. Ila nasema kuwa sadaka ya mtu mmoja mara nyingi huwa na mtu wa pili aliyeitoa bila ya kuulizwa.

Na kuna gharama iliyo chungu kuliko hiyo. Shule ya bweni iliyo mbali, ambayo wazazi hawaifiki ila mara moja kwa miezi, ni mahali ambapo mtu mwovu anaweza kujificha. Mwaka 1998, tume iliyoundwa na Christian and Missionary Alliance ilitoa ripoti yake juu ya shule ya watoto wa wamisionari iliyokuwa Mamou, Guinea, nayo ikathibitisha kuwa watoto walidhulumiwa humo kwa mapigo na kwa aibu nyingine. Mwaka 2010 ikatoka ripoti kama hiyo juu ya shule ya Fanda, huko Senegal, iliyokuwa ya New Tribes Mission. Katika habari zote mbili wahanga walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima ndipo wakasikilizwa. Walipokuwa watoto walinyamaza, kwa kuwa walifundishwa kuwa wakilalamika wataivuruga kazi ya Mungu waliyoijia wazazi wao.

Nayasema haya si kwa furaha ya kumwona mwenzetu ameumbuka. Sisi nasi tuna mabweni. Tuna madrasa ambamo mtoto hulala mbali na mama yake, na tuna ule msemo wetu wa kumkabidhi mtoto kwa mwalimu: "Nyama yako, mifupa yangu." Msemo huu uliwafaa wazee kwa kuwa mwalimu alikuwa jirani, mkewe anajulikana, na mlango wake u wazi. Ukiuhamishia katika bweni lenye geti na mlinzi, mambo huwa mengine. Watoto wa Mamou walikosa mtu wa kuwaambia wazazi wao yaliyokuwa yakitendeka. Je, wa kwetu wanaye?

KUFUNGA, KUHAMA AU KUFUNGUA

Tuje sasa kwenye mambo ya karibuni. Shule hizi zimekumbwa na dunia iliyobadilika, na kila moja imechukua njia yake.

Shule ya Murree Christian School ilianzishwa mwaka 1956 katika vilima vya kaskazini mwa Pakistan, darasa zake zikiwa katika jengo lililokuwa kanisa la askari wa Kiingereza. Ilikaa miaka mingi katikati ya Waislamu bila ya kuwadhuru wala kudhuriwa. Tarehe 5 Agosti 2002 watu wenye bunduki waliingia wakaua watu sita. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuawa. Wote sita walikuwa Wapakistani, wakiwemo walinzi na wafanyakazi wa shule. Hao waliodai kupigana na wageni waliwaua wana wa nchi yao wenyewe, waliokuwa wakitafuta riziki ya halali. Shule ilihamishiwa Thailand kwa muda, kisha ikarudi Murree. Lakini idadi ya wanafunzi ilishuka, na mwaka 2021, baada ya miaka 65, ikafungwa.

Shule ya Dalat ilichukua njia ya kuhama. Ilianza mwaka 1929 katika mji wa Dalat, Vietnam. Vita vilipochacha mwaka 1965 ikahamishiwa Bangkok, kisha milima ya Cameron huko Malaysia, na mwaka 1971 ikatua kisiwani Penang, ambako iko mpaka leo katika nchi ambayo dini yake rasmi ni Uislamu. Jina limebaki la mji wa Vietnam, na walimu wake huenda huko kutoka pande nyingi za dunia.

Woodstock ikachukua njia ya tatu, nayo ni kufungua milango. Haikubaki shule ya watoto wa wamisionari peke yao. Leo husoma humo Wahindi kwa wageni, wa dini mbalimbali, na walimu wake vilevile si wa dini moja. Ukristo ungali katika misingi yake, lakini umekuwa ni mwenyeji anayekaribisha wageni wake badala ya kuwa ukuta.

Ipo sababu nyingine inayopunguza watoto katika mabweni haya, nayo haitokani na bunduki. Wamisionari wengi wa siku hizi hawataki tena kutengana na watoto. Huwasomesha nyumbani, au kwa njia ya intaneti, au huwatia katika shule za mjini wanamoishi. Wamesikia habari za Mamou na Fanda, na wamewasikia wazee waliolelewa mabwenini wakieleza upweke wao.

Ukiniuliza njia ipi iliyo bora, nitasema ya Woodstock, ingawa najua ina hatari yake. Shule ikifungua milango kwa wenye uwezo wa kulipa, haichukui muda ikawa shule ya matajiri tu, na yule mtoto wa mmisionari maskini aliyejengewa hawezi tena kuilipia. Lakini shule inayokula na kulala na wenyeji wake ina watu wa kuisemea siku ya shida.

NA SISI JE?

Mimi nilitiwa chuoni kabla ya kutiwa skuli. Maalim wetu alikuwa akishona kofia huku akitusikiliza, na mtu akikosea herufi moja humjua bila ya kuinua macho. Malipo yake yalikuwa sumuni ya kila Alhamisi, na siku ya mtoto kuhitimu akaletewa kanzu na sinia ya pilau. Asiye na sumuni alisoma vilevile. Mtume (S.A.W.) amemsifu ajifunzaye Qur'ani na kuifundisha, nasi kwa kuwa sifa hiyo ni kubwa tukaona kama kwamba inatosha kununulia unga.

Leo sumuni haipo, lakini fikira ile ipo. Yuko mzazi hapa mjini ambaye hulipa maelfu kwa muhula katika shule ya kizungu, na kwa mwalimu wa madrasa hutoa mia mbili kwa mwezi, tena kwa kukumbushwa. Mwalimu huyo akiondoka kwenda kuuza duka Dubai au Maskati, tunalalamika kuwa vijana hawaithamini dini. Nani hasa asiyeithamini?

Wala haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu waliweka wakfu nyumba, maduka na mashamba ili misikiti na vyuo visimame. Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Swaleh, iliwapokea wanafunzi kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki, wakalala na kula kwa sadaka za watu. Na mfano mkubwa kuliko yote ni ile taasisi ya MIOME hapa Mombasa. Chuo hicho cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati ule, na kilikuwa na mabweni ya vijana kutoka nchi zote za jirani. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Ni letu tuliloliacha.

Ninalolipendekeza si kubwa. Mtaa wenye nyumba mia ukiandika ahadi ya kila mwezi, kila nyumba kwa uwezo wake, na daftari ikakaa kwa watu watatu waaminifu, mwalimu mmoja wa madrasa ataishi bila ya kunyoosha mkono. Tena awe na wajibu wa kutoa hesabu kila muhula: watoto wangapi, wamefika wapi, nani ameacha na kwa nini. Wenzetu wanamlipa mwalimu aliye nusu ya dunia mbali nao. Sisi wa kwetu tunasali nyuma yake safu moja.

MWALIMU MGENI WA KASKAZINI MASHARIKI

Nimeliacha la mwisho lililo zito. Tukisoma habari ya Murree tusidhani ni ya mbali. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria wa basi walitengwa kwa dini yao na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wakienda kwao kwa likizo. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shule ya Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya kila tukio walimu wasio wenyeji waliondoka, na baada ya lile la Kamuthe tume ya kuajiri walimu ikawahamisha kwa wingi kutoka Garissa, Wajir na Mandera.

Walimu hawa hawakuwa wamisionari. Hawakuwa na ahadi za makanisa nyuma yao wala hati za imani. Walikuwa waajiriwa wa serikali, vijana wa Kakamega, Machakos na Kisii, waliopelekwa kuwasomesha watoto wa Kiislamu hesabu na sayansi. Waliowaua walisema wanautetea Uislamu. Lakini tuangalie ni nani aliyebaki darasani bila ya mwalimu: ni Abdi na Halima. Mtoto wa Kiislamu ndiye aliyekalia dawati akitazama ubao mtupu, na ndiye atakayefanya mtihani mmoja na mtoto wa Nairobi aliyekuwa na walimu mwaka mzima. Kama hiyo ni hujuma dhidi ya Wakristo, basi jeraha lake limo katika mwili wetu.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa njia hiyo hiyo ya Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo, na kina mama wakawavika wenzao mitandio. Miongoni mwao alikuwamo Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya Mandera. Alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Katika mwaka 2017 filamu ya *Watu Wote* ilitengenezwa juu ya tukio hilo, ikazunguka duniani.

Filamu ni jambo jema. Lakini Salah Farah alikuwa mwalimu, na heshima ya mwalimu ni darasa lenye mwalimu. Masheikh wetu waliseme jambo hili juu ya mimbari kwa jina lake, si mara moja baada ya maafa bali mara kwa mara: kwamba aliyekuja kumsomesha mwanangu, hata akiwa wa dini nyingine, yuko katika amana yangu, na amana ina hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Wazee wa mitaa wamjue mwalimu mgeni kwa jina, wajue anakolala, wamwalike futari Ramadhani ikifika. Bunduki ya polisi ina kazi yake, lakini mwalimu ajulikanaye na kila nyumba ni mgumu kutekwa kuliko mwalimu alindwaye na askari wawili wasioijua lugha ya mji.

Zaidi ya hayo, vijana wetu wa Lamu, Garissa na Tana River wahimizwe kusomea ualimu, na walipiwe. Hapo ndipo ule utaratibu wa ahadi ungefaa zaidi. Kijana mmoja wa kike mwenye alama nzuri za hesabu, akilipiwa karo ya chuo na nyumba mia za mtaa wake kwa sharti la kurudi kusomesha miaka mitano, atakuwa na thamani kuliko risala kumi tunazozipeleka serikalini kuomba walimu. Yeye hatohitaji kulindwa na mtu, maana atakuwa amerudi kwao. Na yule wa Kisii akija kumsaidia atamkuta mwenyeji wa kumpokea.